Piko kwenye Kidole cha Shemsa

Jumamosi, 5 Aprili

Daftari hili nimelinunua leo Darajani kwa sababu moja. Watu wana midomo, na midomo husahau inachotaka kusahau. Mimi Rukaiya binti Ubwa wa Mkunazini nimesoma mpaka darasa la tano nikatolewa, lakini herufi zangu zinasomeka na tarehe nazijua. Kila atakalosema Bi Tahiya wa Kiembe Samaki nitaliandika, pamoja na siku alolisema. Tukija kuulizana, hatanambia hakusema.

Habari yenyewe ni hii. Mjukuu wangu Shemsa anaolewa Ijumaa na Amour, mtoto wa huyo Bi Tahiya. Shemsa nimemlea mimi toka ana siku tisa, mama yake, marehemu Amne, alipotangulia. Baba yake yuko Maskati, kazi yake kupiga simu. Jana nimemwingiza ndani kama mwari, na somo wake, wa kumfunda, ni mimi mwenyewe, sikutaka mtu wa kukodi. Leo asubuhi kaja Bi Tahiya, kanywa kahawa yangu mpaka kaimaliza, halafu ananambia fungate ikaliwe kwake. Kwake! Toka lini bwana harusi akakaa fungate kwa mama yake?

"Bi Rukaiya, vyumba vyenu huku havina hewa," kasema. "Na ngazi hizi, na mvua hii."

Nyumba alozaliwa baba yangu haina hewa. Nimeandika.

Miaka thelathini alikuwa muuguzi huyu, basi kila anayemuona kwake mgonjwa. Amour kakubali, na Shemsa kakubali kwa kumfuata Amour. Mimi nimenyamaza. Kunyamaza kwangu si kukubali.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua toka alfajiri. Singo ya kumsugua Shemsa mwili mara mbili, asubuhi na alasiri. Madirisha nimefunga, mapazia nimeteremsha, mwari hapigwi upepo. Kikohozi kimenishika kidogo, ndiyo masika. Tangawizi.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Viungo vinaniuma kama niliyepigwa. Nalala kitanda kimoja na Shemsa nimpe mafunzo yake taratibu. Mambo ya somo hayaandikwi.

Jumatano, 9 Aprili

Kaja tena. Kaleta vitenge na zawadi za kunitia kiwi cha macho, lakini chumbani kwa mwari hakuingia, kasimama mlangoni na mtandio puani kama anayepita machinjioni.

"Bi Rukaiya, kikohozi hicho tangu lini?"

"Tangu masika ya mwaka ulozaliwa wewe."

"Sikutanii, mwenzangu. Ungemwachia mtu mwengine akakaa na mtoto siku hizi mbili. Au japo ufunike mdomo."

Nifunike mdomo ndani ya nyumba yangu! Mtoto niliyemtafunia chakula kwa meno yangu haya! Nikamwambia, "Bi Tahiya, hapa si wodini. Ukitaka kuvaa barakoa, kavae kwako." Kacheka kwa pua, kaondoka. Mwanamke huyu anatafuta ila. Anataka apate la kusema, kwamba nyumba hii wachafu, kwamba nyumba hii wagonjwa. Naliona linakuja.

Alkhamisi, 10 Aprili

Rahila kaja kumtia Shemsa hina na piko. Kachora mpaka juu ya viwiko, na ncha za vidole vyote kazizamisha piko, kucha nyeusi tititi. Hapa Mkunazini hapajapata kutoka mikono kama ile. Nimekohoa kutwa, sauti imekauka, sikuweza hata kupiga kigelegele.

Ijumaa, 11 Aprili

Kaolewa. Mvua ilisimama saa nzima, alhamdulillahi.

Jumapili, 13 Aprili

Nimempigia simu, sauti yake nzito. "Mafua tu, Bibi." Mafua, siku ya pili ya fungate, katika ile nyumba yenye hewa. Nimeandika.

Jumanne, 15 Aprili

Leo nitaandika mpaka wino uishe.

Nimekwenda Kiembe Samaki bila ya kuarifu, maana ukitaka kujua watu usiwaarifu. Nimeikuta nini? Bibi harusi wa siku nne kalazwa chumbani peke yake, madirisha yote mawili wazi, upepo wa mvua unapeperusha chandarua. Chetezo cha udi nilichompa, cha mama yangu, kimewekwa nje ya mlango, chini. Amour analala chumba chengine. Sahani yake mbali, kikombe chake mbali. Bi Tahiya mwenyewe kavaa barakoa.

"Shikamoo Bibi," Shemsa kanambia, na kati ya shikamoo na bibi kavuta pumzi mbili.

Nikamwambia Bi Tahiya, "Mmemtenga mtoto wangu kama mwenye ukoma."

"Ana homa siku ya tatu, Bi Rukaiya. Udi nimeukataza, moshi haumfai mwenye kifua. Njoo uone mwenyewe."

Katoa kidude cheupe, kinabana kidole kama kibanio cha nguo, kina taa nyekundu. Kambana nacho Shemsa kidole cha shahada. Zikatoka namba: tisiini. Kasema mtu mzima wa afya hutoka tisiini na tano kwenda juu, na hii ni pumzi iliyomo damuni, inapungua.

Hapo ndipo nilipomshika. "Kidude chako kinaona kwa taa?"

"Naam, kwa taa."

"Na kidole kimezama piko mpaka kwenye nyama. Taa itapita wapi?"

Akakigeuza kidole! Muuguzi wa miaka thelathini akakigeuza tena. Halafu kasema kweli, piko huweza kukivuruga, tujaribu kwenye ncha ya sikio. Nikamwambia sikio la mjukuu wangu halibanwi na mtu, lina vipuli vya mama yake na vitabaki hapo hapo.

"Basi kesho nimpeleke hospitali akapigwe picha ya kifua. Ile ya mashine ya duara."

Hapo nikaelewa yote. Anataka picha. Picha ni karatasi, na karatasi ni ushahidi. Siku watakapomrudisha watainyanyua mbele ya wazee waseme, tazameni, Bi Rukaiya alituoza mtoto mwenye kifua kibovu. Mimi naandika daftari, yeye anatafuta picha. Tunajuana.

Nikamfunga Shemsa buibui, nikamwambia Amour alete gari.

"Bibi, mama anasema..." Amour kaanza.

"Mama yako kasema mengi, nimeyaandika. Gari."

Bi Tahiya katufuata mpaka nje kwenye mvua, kichwa wazi. Kasema, "Bi Rukaiya, akibadilika rangi midomo usingoje." Nikafunga kioo cha gari.

Alkhamisi, 17 Aprili

Shemsa yuko kitandani kwangu. Namfukiza kwa mvuke wa mchaichai na majani ya mkaratusi, chini ya blanketi, mara tatu. Udi asubuhi. Madirisha yamefungwa. Leo kanywa uji vijiko sita. Amour kakaa barazani toka asubuhi, nimempelekea chai. Kijana hana kosa, ila mama.

Ijumaa, 18 Aprili

Uji vijiko viwili. Mvua.

Jumamosi, 19 Aprili

Saa nne asubuhi nimefunua blanketi nimfute jasho, nikaona midomo. Rangi ya zambarau iliyoiva. Nikamwita, akaitika "naam" kwa macho, sauti haikutoka.

Nikafungua dirisha. Sijui kwa nini nililifungua, mkono ulikwenda wenyewe. Nikapiga ukelele kwa Amour huko chini, akapanda ngazi tatu tatu, akambeba mkewe mgongoni kama mzigo wa karafuu, na mimi nyuma na vipuli mkononi, maana Shemsa alivitoa mwenyewe kaniwekea kiganjani.

Hospitali wamembana sikio. Themanini na mbili. Wakambana kidole chenye piko. Themanini na mbili.

Nimeandika kwa sababu niliahidi kuandika kila kitu. Sikuahidi kuandika ya wengine tu.

Wamemtia mpira wa hewa puani. Wakampiga picha ya kawaida ya kifua, na yule kijana wa picha kasema haioneshi kitu kikubwa. Nikamgeukia Bi Tahiya, maana alishafika, nani alompigia sijui, nikamwambia, "Umesikia? Kifua cha mjukuu wangu safi." Halafu kaenda pembeni kunong'ona na daktari, na nimemsikia anasema "ile ya duara". Bado anataka karatasi yake.

Jumapili, 20 Aprili

Daktari ni msichana, anaitwa Ulfat, mdogo, hata kazi ya kunipikia simpi. Kanitaka idhini ya ile mashine ya duara, siti skani.

"Jana mlimpiga picha, safi. Ya leo ya nini? Mnampiga mpaka itoke mnayoitaka?"

Nilitegemea atakasirika. Kavuta kiti kakaa mbele yangu. "Bibi, ile ya jana inampiga mtu mara moja kwa mbele. Mbavu, moyo, pafu, vyote vinalaliana. Ugonjwa ukiwa bado mwembamba haionekani. Hii inamkata kama mkate, slesi slesi, bila kisu. Tunatazama kila slesi."

"Na karatasi yake atakaa nayo nani?"

Kashangaa. "Yeyote utakayemtaka wewe."

"Mimi."

"Wewe, Bibi."

Basi nikakubali. Kaingizwa kwenye lile duara, mikono juu ya kichwa, ile mikono yenye maua. Haikufika hata muda wa kukoroga chai.

Daktari Ulfat kaniita nitazame kwenye kioo. Bi Tahiya kataka kuingia, nikamwambia angoje. Kangoja.

Kasema, "Penye hewa ni peusi. Pafu zima linatakiwa liwe jeusi, na mishipa yake hii myeupe kama vijitawi." Halafu kateremsha slesi kwenda chini. Weusi ukaanza kuingia ukungu. Pembezoni, na huku nyuma, na chini zaidi kuliko juu, na pande zote mbili. Sijapata kuona kitu kama kile, na nshakiona. Mama yangu alikuwa akinipa chimni ya taa niifute. Unaweka mdomo, unapuliza, kioo kinaingia mvuke mweupe, na utambi unauona bado kwa nyuma. Ndivyo vilivyo. Vile vijitawi bado vinaonekana nyuma ya ukungu. Pahala pengine ndani ya ukungu mna mistari imekatana, kama sakafu ya vigae vilivyopasuka.

Nikauliza, "Hicho ni kifua kikuu?"

"Hapana. Kifua kikuu mara nyingi hupenda juu, na huchimba mashimo. Nimonia ya bakteria mara nyingi hushika pahala pamoja pakawa peupe kabisa kama chokaa. Huu ukungu wa pande mbili, wa pembezoni, ndio mwendo wa virusi. Picha hainambii jina lao, ila kipimo cha pua kimesema ni mafua makali."

"Mafua ndiyo yanayompa mtu midomo ya zambarau?"

"Yakiteremka mapafuni, naam, Bibi. Hili ni la wiki moja hivi. Kapata kwa mtu."

Kapata kwa mtu. Nimeyapigia mstari maneno haya, maana sasa hospitali yenyewe imesema. Iko nyumba ya watu waliompa. Mtu aliyekaa wodini miaka thelathini, kila siku anatembelewa na wauguzi wenzake, na barakoa yake. Kwa nini avae barakoa asiyekuwa na kitu?

Karatasi iko kwangu, chini ya msala wangu wa kusalia.

Jumatatu, 21 Aprili

Mvua. Bado.

Jumanne, 22 Aprili

Bado. Hewa wamemwongezea.

Jumatano, 23 Aprili

Nimefika nimemkuta Shemsa amelazwa kifudifudi, uso kwenye mto, na Bi Tahiya anampanga mito chini ya mabega. Bibi harusi, kifudifudi! Nikapiga kelele mpaka wodi nzima ikageuka.

"Ukungu uko nyuma na chini, Bi Rukaiya," kasema Bi Tahiya, mikono haikusimama. "Akilala chali anaukandamiza. Akilala hivi ile sehemu inapata hewa. Tazama."

Kambana kile kidude. Themanini na nane. Tukakaa kama tunaongoja mkate tanurini. Themanini na tisa. Tisiini na moja.

"Kidole hicho kina piko," nikasema.

"Kina piko," kasema yeye. Hakuongeza kitu. Ningependa angeongeza.

Alkhamisi, 24 Aprili

Bado. Bi Tahiya analala pale pale chini, kwenye mkeka. Siku ya nne. Amour kanambia. Anataka sifa.

Jumamosi, 26 Aprili

Tisiini na mbili. Shemsa kaniuliza vipuli vyake viko wapi. Nimekwenda msalani nimelia, halafu nimenawa uso nikarudi.

Jumatatu, 28 Aprili

Ngazi za wodi ni kumi na nane. Leo nimesimama mara mbili. Bi Tahiya alikuwa juu, kaniona.

"Wewe toka lini unasimama kwenye ngazi?"

"Toka miguu yangu ilipokuwa yangu."

"Bi Rukaiya. Mkono."

"Sikupi."

Akanishika kidole kwa nguvu, mwanamke mkubwa mzima, tunavutana kwenye ngazi za watu kama watoto wa chuo cha Kurani wanaogombania kalamu. Mmoja aliyekuwa anapita na jagi la maji kasema, "Jamani, wakwe!" Kidude kikasoma tisiini na tatu. Vidole vyangu havina piko. Kaenda kumwita Ulfat.

Jumanne, 29 Aprili

Nimeingia mimi kwenye duara. Nimesoma Ayatul Kursiy, nikafika mwisho, wakanambia basi.

Daktari Ulfat katazama slesi zangu kwa muda. Kwangu hakuna ukungu mwingi. Kuna michirizi, pembezoni na chini, pande zote mbili, kama michirizi inayobaki kwenye kioo ulichokifuta na kitambaa kichafu.

"Bibi, uliumwa lini?"

"Mimi siumwi."

"Hii ni alama ya kupona. Pahala pale pale alipougua Shemsa, ila kwako kushapita. Wiki tatu, nne. Hukukohoa? Hukuumwa na viungo?"

Nikasema sikumbuki.

Kasema, "Haidhuru, itafutika taratibu. Picha haiwezi kuapa siku."

Picha haiwezi. Lakini mimi nina daftari.

Jumatano, 30 Aprili

Nimerudi nyuma kusoma.

Tarehe saba: kikohozi kimenishika kidogo. Tarehe nane: viungo vinaniuma kama niliyepigwa, nalala kitanda kimoja na Shemsa. Tarehe kumi: nimekohoa kutwa. Na tarehe tisa, kwa mkono wangu huu, kwa herufi zangu zinazosomeka: ungemwachia mtu mwengine akakaa na mtoto. Japo ufunike mdomo.

Nimetafuta siku Bi Tahiya alipokohoa. Sikuiona. Nimetafuta mara mbili.

Daftari nililinunua nimkamate mtu, nimekamatika mimi. Nilifikiri kuzichana kurasa hizi nne. Nimezishika kabisa. Halafu nikaona nitakuwa kama wale niliowasema mwanzo, wenye midomo inayosahau inachotaka kusahau. Nimeziacha.

Mvua. Madirisha nimeyafungua yote, maji yameingia mpaka kwenye zulia. Yaingie.

Jumamosi, 3 Mei

Shemsa katolewa hospitali. Wote tumesimama nje kwenye geti, Amour na gari, na hakuna anayethubutu kusema anapelekwa wapi. Bi Tahiya katazama chini. Kwa mara ya kwanza nimemuona mwanamke yule amechoka, barakoa imemkata alama mashavuni.

Nikamwambia Amour, "Kiembe Samaki. Fungate yenu ilikatika siku ya nne, zimebaki tatu. Zimalizeni."

"Bibi!" Shemsa kasema.

"Nyamaza, usipoteze pumzi."

Tulipofika nikamwita Bi Tahiya jikoni, nikafunga mlango, halafu nikaufungua, maana keshanizoesha. Nikatoa daftari, nikamsomea mwenyewe, kwa sauti. Tarehe tano mpaka tarehe kumi na tano. Sikuruka hata pale nilipomwita anatafuta ila, wala pale pa karatasi. Nikamsomea na ya Alkhamisi na Ijumaa zilizofuata, mvuke na blanketi na madirisha. Nikafunga.

"Mimi ndiye nilompa," nikasema. "Na mimi ndiye nilomtoa kwako akiwa na tisiini, nikasema piko."

Bi Tahiya alikuwa anamenya muhogo. Kaendelea kumenya. Mwisho kasema, "Mimi pia lilinibabaisha lile piko. Miaka thelathini, na nikakuacha uondoke naye kwenye mvua kwa ajili ya kipuli. Hilo umeliandika?"

"La."

"Liandike."

Ndio nimeliandika.

Nikamuuliza kile kidude kiko wapi. Tukaenda chumbani. Madirisha wazi, chandarua kinapepea, chetezo kimerudi ndani, kitupu, kimepanguswa. Shemsa kakaa kitako juu ya mito, vipuli masikioni, anamcheka Amour. Hina imeshafifia, lakini piko la kwenye kucha liko vile vile, jeusi tititi, ila kwa chini limesogea, pametokea kijisehemu cheupe cha ukucha mpya.

Nikambana mimi mwenyewe, kidole cha shahada, kile kile. Taa nyekundu ikapita kwenye piko. Nikangoja.

Tisiini na sita.

Bi Tahiya kauliza kutoka mlangoni, "Ngapi?"

Nikamwambia aje asome mwenyewe.